Miguu Iliyofutwa

Karakana, Jumatano 7 Mei

Wifi yangu Nyaya,

Usishtuke kupata karatasi. Hajafa mtu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ndani ya barua pepe ya karakana kuna mtu mwingine, na sijui anasoma nini na anaacha nini. Jana alimjibu mteja wetu kwa jina langu, kwa adabu kabisa, hata akamwombea afya njema. Simu yangu nimeizima maana nayo ina barua pepe hiyo hiyo. Kukupigia kwa simu ya jirani siwezi, mambo yenyewe hayasemeki mbele ya watu, na kaka yako hajui kama nakuandikia. Basi barua hii nimempa yule dereva anayetuletea plasta, tunayemwita Haraka. Mwendo wake unaujua. Akikufikia, mpe maji ya kunywa na usimlaumu.

Jumatatu asubuhi nilifungua kompyuta nianze kazi. Folda za wateja hazikuwepo. Nikadhani nimekosea pa kuingilia, nikatoka, nikaingia tena. Tupu. Unajua kilichokuwa mle: kila mtu na picha za kigutu cha mguu wake uliokatwa, vipimo vyake, na marekebisho ya miaka yote, hapa punguza, hapa acha nafasi mfupa upumue, huyu akitembea sana anavimba upande wa nje. Nikajipa moyo kwamba ulituwekea diski kabatini. Nikafungua kabati. Diski inawaka taa yake ya kijani kama vile haikuona lolote, na ndani yake hakuna kitu. Kilichobaki ni ujumbe mmoja tu wa watu wasiojitaja, wanataka walipwe ndipo warudishe.

Fundi, kaka yako, aliusoma, akakaa juu ya mfuko wa plasta. Akakaa hapo mpaka suruali ikageuka nyeupe. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Asubuhi hiyo hiyo akaingia Mama Cherehani, mshona nguo wa mtaa wa pili, yule mnene mcheshi. Kikombe cha mguu wake wa bandia, pale kigutu kinapoingia, kimepasuka na alikuja kuchongewa kingine kwa vipimo vilevile. Nilipomweleza akasema, "Kwa hiyo mguu wangu umeibiwa na mtu ambaye hata hana haja nao." Tukacheka wote wawili, kisha sikuweza kuendelea kucheka. Sasa anatembea na kikombe kilichofungwa kwa utepe wa gundi, na cherehani yake ni ya kukanyaga.

Wifi, sina pa kulipitishia hili ila hapa. Kampuni inayotutunzia data ina ukurasa unaoonyesha nani aliingia na alifanya nini. Aliyefuta aliingia kwa jina lako. Fundi amesema ni wewe. Mimi sisemi. Mimi nauliza tu, na ninauliza nikiwa nimechoka, kwa hiyo kama nimeuliza vibaya unisamehe.

Fundi mzima wa afya. Kazi tu imemzidi.

Wifi yako,
Mama Pacha


Mjini, Jumatatu 12 Mei

Mama Pacha,

Haraka alifika jana, akanywa maji, akaomba tena.

Si mimi. Nimeandika mistari mingi baada ya neno hilo nikaikata yote, maana kila mmoja ulikuwa mkali kuliko uliotangulia. Si mimi, na kwamba kaka anaweza kukaa juu ya mfuko wa plasta akafikiri ni mimi ndilo jambo ambalo nimekuwa nikilitafuna tangu jana na halimezeki. Siku aliyoniambia mbele ya wateja kwamba ile ni karakana ya miguu, si ya kompyuta, nilikusanya nguo zangu nikaondoka. Sikuondoka na nyundo. Sikuvunja kitu. Nilikuachia wewe maelekezo, nikakuomba ufute jina langu kwenye akaunti. Kwa nini bado lipo?

Nikuambie kazi ninayofanya huku, kwa sababu najua mnadhani nimekaa kwenye kiti kinachozunguka. Kukaa nimekaa. Nimevaa visikizio kutwa nzima, napokea simu za watu waliopoteza vitu. Mwenye duka la dawa, mwenye shule, mwenye kiwanda cha matofali. Wote wanaanza kwa kusema walikuwa na bakapu, nakala ya akiba. Ninawauliza mara ya mwisho waliifungua lini kuona kama inafunguka. Hapo ndipo hunyamaza. Nikitoka kazini sitaki kusikia sauti ya mtu. Halafu nafika nyumbani nakuta barua yako.

Haya, fanya hivi.

Chomoa ruta ukutani, kile kisanduku cha intaneti. Usiizime kwa kitufe, ichomoe kabisa, wala usiirudishe mpaka nikwambie. Mtu huyo anapita hapo. Igeuze uangalie, halafu unitumie aina yake na mwaka wa programu ya ndani. Niliiandika kwenye kibandiko chini yake. Kila kifaa kina programu yake ya ndani inayokiendesha, na ile isipofanyiwa marekebisho na mwenye kiwanda huoza kimyakimya huku taa zinawaka vizuri.

Ile diski usiiguse. Najua mlikuwa mkiiita bakapu. Mimi niliinunua iwe bakapu, lakini naona baada ya mimi kuondoka mtu ameiunganisha ifanane na akaunti muda wote. Hivyo inakuwa kioo. Ukinyoa nywele mbele ya kioo, na aliyemo ndani naye ananyoa. Walipofuta kule, yenyewe ikafuta kwa utiifu.

Na hili ndilo la maana. Kampuni ile huwa haitupi papo hapo kilichofutwa. Wanakiweka pembeni kwa muda wa mwezi mmoja, kisha wanakitupa moja kwa moja, hata ulie vipi. Nimewapigia simu. Wamekubali kujaribu, ila kwa kuwa akaunti imeingiliwa, wanataka mwenye akaunti na msimamizi wake wawe kwenye simu moja, wajitambulishe kwa sauti. Msimamizi ni mimi, kwa kuwa jina langu hamjalifuta. Mwenye akaunti ni kaka.

Mwambie achague siku kabla ya tarehe nne mwezi wa sita. Sihitaji aniombe radhi. Ajibu tu maswali yao.

Nyaya


Karakana, Ijumaa 16 Mei

Wifi yangu,

Ruta nimeichomoa. Chini yake, kwenye kibandiko, kuna vumbi na mwaka ule ule ulioandika wewe, haijaguswa tangu hapo. Mara nyingi ilileta ujumbe kwamba kuna programu mpya, nami nikamuuliza Fundi, na kila mara alisema isiguswe, kwamba mara ya mwisho mliposasisha, mashine ya kuchonga ililala siku nzima na watu wamekaa kwenye benchi na magongo yao. Ni kweli ililala, unakumbuka. Diski mimi ndiye niliyeiunganisha. Niliona kuinakili kila wiki kwa mkono ni kazi, na pale palikuwa na kitufe kinachosema ifanye yenyewe. Nilifurahi siku hiyo. Nilijiona fundi.

Na jina lako nilikuwa nikilitumia. Kila nilipotaka kuingia niliingia nalo kwa sababu ndilo lililofungua kila mlango. Sijui kama hilo ni jibu.

Fundi hataki simu. Nilimpa habari zako akiwa anakunja vitambaa, akaendelea kukunja. Akasema usihangaike, tutapima watu upya. Nikamwambia wengine wako mbali, wengine hawana tena nguvu ya kusafiri, wengine vigutu vyao vilichukua miaka kuvielewa. Akasema basi watakuja wanaoweza. Ana kazi nyingi, nadhani ni hilo.

Mama Cherehani alirudi. Kile kikombe cha gundi kimemchuna, ana kidonda cha ukubwa wa kifungo cha koti. Fundi alimwambia arudi wiki ijayo. Wiki ijayo sijui kutakuwa na nini ambacho leo hakipo.

Nimewaza hivi, usinicheke. Sauti yangu nzito asubuhi kabla sijanywa chai. Nikiongea mimi kwenye simu nikasema ni mwenye akaunti, watajuaje? Majibu yote ninayajua. Tumeoana miaka mingi kiasi kwamba hata tarehe yake ya kuzaliwa ninaikumbuka kuliko yeye.

Hapa mtu akiuliza kama wifi imerudi, mimi bado nageuka kutazama mlangoni.

Mama Pacha


Mjini, Jumanne 20 Mei

Mama Pacha,

Usithubutu kujifanya kaka. Wakigundua watafunga akaunti na yaliyomo yatakwenda nayo. Isitoshe, wanauliza mambo ambayo hata mke hayajui.

Nimetafuta habari za ruta hiyo. Programu yake ya zamani ina tundu linalojulikana, na mwenye kiwanda alishatoa ya kuliziba muda mrefu uliopita, bure. Wezi hawakuwachagueni ninyi. Wana mashine zinazopita zikigonga ruta za watu mtaa kwa mtaa, na yenu ilifunguka. Walipoingia wakawawekea ukurasa wa uongo unaofanana na ule mnaoingilia siku zote. Wewe ukaandika jina langu na neno la siri, ukadhani umekosea herufi, ukaandika tena, ukaingia. Ndivyo? Basi siku hiyo uliwakabidhi ufunguo. Sikulaumu. Ninaowasikia kila siku kwenye visikizio wengine wana shahada ukutani na wamefanya hivyo hivyo.

Ila kuhusu hilo tundu niliandika. Nilituma ujumbe kwenye barua pepe ya karakana, na baadaye nikatuma tena, na mwaka huu tena. Sikujibiwa hata neno moja. Nilidhani mmenizika.

Sasa kaka anasema nisihangaike. Mimi nimeomba ruhusa kazini, nimesihi watu nisiowajua, nimekaa kwenye foleni ya simu nikisikiliza muziki wao mpaka ukaingia ndotoni. Yeye anachotakiwa ni kuinua simu aseme yeye ni nani. Kama anaona heri watu watoke vidonda kuliko kusikia sauti yangu, ameshajibu. Nimeelewa.

Nimechoka, wifi. Siandiki kwa hasira, hasira iliisha juzi. Usiniandikie tena juu ya hili mpaka yeye mwenyewe aseme anataka.

Wewe ninakupenda, ujue.

Nyaya


Karakana, Jumapili 25 Mei

Nyaya,

Umeniambia nisiandike na ninaandika. Fundi yuko kanisani, nina saa mbili.

Nilikuficha jambo. Nilimwahidi, na nimeitunza ahadi hiyo mpaka imeanza kunichuna kama kile kikombe cha gundi.

Mikono ya kaka yako inatetemeka. Si kwa uchovu, si kwa baridi. Ilianza kwa kidole kimoja cha kulia, tukakichukulia mzaha. Sasa kikombe cha chai nampa nusu. Daktari ameshasema ni ugonjwa gani na kwamba hautarudi nyuma, utakwenda polepole kama tuna bahati. Hataki mtu ajue, wewe wa kwanza. Kwa nini wewe wa kwanza, sijui. Labda kwa kuwa ndiye uliyekuwa ukimshikia beseni tangu ukiwa mtoto ukimtazama anavyofanya.

Fikiria sasa jinsi ilivyokuwa. Kamera ya kupimia haihitaji mkono mtulivu, inahitaji mtu apitishe tu. Mashine inachonga yenyewe. Kwa hiyo wateja walikuja wakaondoka na hakuna aliyeona kitu. Zile siku mbili ulizotaka tufunge mashine ili usasishe kila kifaa, ndizo alizoziogopa. Angebaki na plasta na mikono yake mbele ya watu. Ndiyo maana alikujibu vile. Hakuwa na ugomvi na kompyuta. Alikuwa anakimbiza mtu mbali na mlango, na mtu mwenyewe ukawa wewe.

Hata kamera sasa hatuwezi kuitumia. Programu yake ilikuwa ikifunguka kwa akaunti ile ile. Alhamisi alijaribu kumpima Mama Cherehani kwa mkono. Nilishika beseni mimi. Bandeji ya plasta inataka kuzungushwa kwa mwendo mmoja, na haikuzunguka. Ikakauka na mikunjo. Akaibomoa, akaanza upya, ikakauka na mikunjo. Mama Cherehani aliona. Alivaa sketi yake vizuri akasema atapita siku nyingine, hana haraka. Fundi aliosha beseni mpaka nikamnyang'anya.

Jumbe zako sikuziona. Nimezitafuta baada ya barua yako, katika barua pepe zilizobaki ndani ya kompyuta. Kaka yako alikuwa ameziweka kwenye folda ya peke yake, zote tatu, zimesomwa. Hakufuta hata mmoja.

Na jina lako. Kesho yake ulipoondoka nilikaa kwenye kompyuta nilifute kama ulivyoniagiza. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema, "Liache. Ukilifuta hilo, atakuwa amekwenda kweli." Likabaki. Nikalitumia. Wakaliiba. Sasa anasema ni wewe uliyefuta kwa sababu njia nyingine ni kusema ni yeye aliyeuacha mlango wazi, na kwa nini aliuacha.

Sauti yake pia imeshuka. Mwisho wa sentensi inapotea. Haogopi kukusikia, wifi. Anaogopa utamsikia.

Nimemaliza. Kama nimevunja ahadi nimeivunja.

Mama Pacha


Mjini, Alhamisi 29 Mei

Mama Pacha,

Barua hii nimempa Haraka na nimemwambia asisimame popote. Ameniangalia kama mtu aliyetukanwa.

Jumatatu, saa nne asubuhi, nitapiga kwenye simu ya duka la viatu lililo jirani nanyi. Nimeshaongea na mwenye duka, ametoa chumba cha nyuma. Mtu wa kampuni ya data atakuwa kwenye mstari pamoja nasi. Mpeleke kaka kwa namna yoyote unayoijua, mdanganye kwamba kuna ngozi mpya za mikanda akachague.

Sitagusia mikono. Sitagusia jina. Nitaongea kama ninavyoongea na watu wote kutwa, na yeye ajibu kama wanavyojibu watu wote. Akishindwa kumaliza sentensi nitasubiri. Kazi yangu ni kusubiri watu wamalize sentensi.

Baada ya Jumatano hakuna kitu cha kurudisha.

Nyaya


Karakana, Jumapili 8 Juni

Mdogo wangu,

Huu ni mwandiko wangu. Samahani kwa kutumia herufi kubwa, ndogo zinakimbia. Mama Pacha alitaka nimtajie aandike yeye, nikakataa. Nimeianza Alhamisi.

Ngozi za mikanda hazikuwepo, kama unavyojua.

Nilichotaka kukwambia kwanza ni hesabu ya kazi. Ulichookoa ni kingi. Wateja wengi wamerudi na vipimo vyao, na marekebisho. Mama Pacha alikuwa akisoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, na mimi nikiitikia kama mtoto anayeitwa na mwalimu darasani. Kuna ambao folda zao zimerudi lakini hazifunguki, ndani zimekorogwa. Hao tutawapima upya. Mama Cherehani ni mmoja wao.

Nilikaa na hilo siku moja. Kisha nikamtuma mtu akamwite.

Safari hii sikushika plasta. Nilikaa kwenye kiti kidogo mbele yake, na Mama Pacha akapiga magoti upande. Nikamwambia Mama Cherehani waziwazi kwamba mikono yangu imeugua, kwamba nitamwongoza mke wangu kwa mdomo, na kama hataki aseme. Akasema, "Mimi nguo zangu nusu zinashonwa na wasichana wangu. Mnadhani wateja wanajua?" Basi tukaanza. Nilikuwa sijui kwamba najua mambo mengi hivyo. Bandeji ya kwanza ilikuwa na mikunjo. Ya pili Mama Pacha alikuwa akipumua kama anapanda ngazi, nikamwambia apumue na mkono, mkono ufuate. Ikazunguka. Nilipogusa chini ya goti kuona kama imeshika mfupa, kidole changu kilitetemeka juu ya plasta mbele yao wote wawili, na hakuna aliyeangalia pembeni.

Jana kavaa. Kesho atakuja na malalamiko, najua, upande wa nje. Lakini ametoka kwa mguu.

Sasa lile jingine. Nilisema ni wewe. Nilijua siku ile ile kwamba si wewe. Ningeweza kuandika mengi hapa ila kalamu hainiruhusu na labda ni vizuri.

Ijumaa nilikaa kwenye kompyuta mwenyewe na nikalifuta jina lako kwenye akaunti. Mama Pacha alijitolea kusaidia, nikakataa na hilo pia. Nilikosea herufi mara nyingi. Ilipouliza kama nina hakika, nilikwenda nje kwanza, nikarudi, nikakubali. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalikuta mwenyewe, usije ukadhani nimekufukuza mara ya pili.

Ruta mpya uliyoituma imefika. Nimebandika karatasi mlangoni: KILA JUMATATU YA KWANZA YA MWEZI HATUPIMI, TUNASASISHA VIFAA. Watu wanaisoma, wanauliza kusasisha ni nini. Nawaambia ni kama kukaza skrubu za mguu kabla haujakuangusha. Kwenye diski moja Mama Pacha ananakili kila kitu Ijumaa, anaichomoa, anakwenda nayo nyumbani. Kila mara anafungua folda mbili tatu kuona kama zinafunguka. Jana alifungua yangu, ya mguu wa majaribio niliochonga zamani tukicheka. Ilifunguka.

Daktari ameniongezea dawa. Asubuhi ni nzuri kidogo kuliko jioni.

Nimechoka kuandika.

Kaka yako


Mjini, Ijumaa 13 Juni

Kaka,

Nimeisoma ukumbini, kwenye ngazi, nimevaa visikizio shingoni, na mkubwa wangu wa kazi amepita akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, kinyume chake, na akaondoka bila kuelewa.

Ulivyofanya kuhusu jina ni sawa. Ndivyo inavyotakiwa kufanywa mtu akiondoka mahali, jina lake lifutwe siku hiyo hiyo. Nilifundisha watu wengi hivyo na nilimwagiza Mama Pacha hivyo. Lakini nilipoambiwa uliliacha na kwa nini, nilikaa kitandani na viatu mpaka giza likaingia, sikuwasha taa.

Kuna kitu kuhusu ile Jumatatu ambacho Mama Pacha hawezi kujua kwa kuwa alikuwa upande wako tu wa simu. Yule kijana wa kampuni alikuuliza yote, namba, tarehe, swali la siri. Ulijibu. Sauti yako ilikuwa ndogo kweli, nilibana visikizio kwa mikono miwili. Halafu akauliza, huyu msimamizi anayeomba ruhusa ya kurudisha data, unamthibitisha? Ana uhusiano gani na wewe? Hapo ulinyamaza. Ulinyamaza mpaka yule kijana akasema haloo. Mimi nilikuwa nimeahidi nitasubiri, nikasubiri. Kila siku nasikia watu wakinyamaza kwenye simu na nimeshazoea, lakini huo sikuwa nimeuzoea.

Ukasema, "Ni dada yangu. Mpe kila kitu."

Kijana akasema hiyo inatosha. Nadhani aliandika neno moja tu kwenye fomu yake. Kisha akaanza kurudisha folda, nami nikawa naziona zikiingia, majina ya watu ninaowafahamu kwa vigutu vyao kuliko kwa sura.

Nimeomba likizo, wamenipa kuanzia mwisho wa mwezi. Nitakuja na Haraka, kwa hiyo msinisubiri kwa chakula. Nataka unifundishe plasta. Mama Pacha ana mikono miwili tu, na ana barua, na ana simu, na ana wewe. Nitakosea bandeji nyingi, ununue mifuko ya ziada. Na unielekeze hivyo hivyo kwa mdomo, taratibu, hata sauti ikiisha katikati. Nitasubiri.

Kuhusu dawa, niandikie jina lake na saa unazokunywa. Kuhusu kidole, nitakiangalia nikifika, na wewe utaniacha nikiangalie.

Nimechoka sana, kaka, zaidi ya nilivyojua. Nikifika nitalala kwanza. Msiniamshe.

Mdogo wako,
Nyaya